Msindikizaji Asiye na Mgonjwa

Harub bin Mahrous alikuwa ameshakwenda India mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Ibra asiyekuwa rubani, na hakuwahi kuiona. Ukimwamsha usingizini atakueleza lifti ipi ya hospitali ipi ya Hyderabad inakwama, mkahawa gani wa Kochi unapika wali usio na pilipili kwa ajili ya watu wa Oman, na muuguzi gani wa Bangalore ana mkono mwepesi wa sindano. Lakini mjukuu wake alipomwuliza kama Taj Mahal ni kubwa kuliko ngome ya Nizwa, alifikiri kidogo, akasema hajui, kwa sababu hawajawahi kuwa na mgonjwa upande ule.

Mshahara aliupata katika ofisi ya maji ya mkoa. Jina alilipata katika kazi nyingine. Watu wa kwao wakiumwa ugonjwa wa kawaida huenda hospitali ya karibu. Wakiumwa ugonjwa wa kutisha huenda Maskati. Wakitaka kusikia maneno mengine yasiyokuwa yale waliyoambiwa Maskati, huenda India. Na mgonjwa haendi India peke yake. Huenda na murafiq, yaani msindikizaji, mtu wa ukoo atakayelala kwenye kochi kando ya kitanda, amsemee kwa daktari, amtafutie uji, na ampigie simu kila jamaa kueleza choo kimepatikana au bado.

Harub alikuwa na Kiswahili cha mama yake, Kiarabu cha mtaani, Kiingereza cha ofisini, na Kihindi alichokiokota utotoni katika sinema za Unguja akakimalizia kwa makarani wa Matrah. Mtu mwenye lugha nne katika ukoo wenye magoti mabovu hana pa kukimbilia. Alianza na mjomba, akafuata shemeji, kisha shemeji wa shemeji. Alikuwa hodari. Daktari akisema maneno mengi ya kuogofya, Harub aliyatia yote katika sentensi moja: "Anasema utapoa inshaallah, lakini haluwa basi." Hata daktari wa macho alitafsiriwa hivyo.

Alipostaafu, rafiki yake Ghassan alikuja kutoka Sur kumpongeza. Urafiki wao ulianzia katika madarasa ya jioni ya Kiarabu, walipokuwa vijana waliorudi Oman na kukalishwa dawati moja, wote wawili wakijua kusoma Kurani na hawajui kuomba chumvi. Baadaye Ghassan akawa fundi wa mitambo bandarini. Lugha alizobaki nazo ni mbili tu, na hakuona upungufu.

"Juzi nimewapakia Wajerumani wawili," alisema Ghassan, kabla hata ya kukaa. "Nimewakuta Al Hamra wanapanda mlima na mabegi mgongoni kama konokono. Vijana wa chuo. Wananambia wametoka India, mji hadi mji, kwa treni. Hawana hoteli, hawana mwenyeji, hawana hata mtu wa kuwauliza mmefika."

"Maskini."

"Maskini nini? Wamefurahi mpaka wananuka. Harub, sisi tuna pensheni, miguu tunayo. Tunangoja nini?"

Harub alitazama nje, kwenye mitende yake. Alipotaja India moyoni mwake alisikia harufu ya dawa ya kupigia deki. Ghassan alipoitaja ilikuwa nchi.

"Twende," alisema.

"Sharti moja. Hapana mgonjwa. Si mgonjwa, si picha ya mgonjwa, si chupa ya mkojo wa mgonjwa. Ukimchukua mtu, mimi nashuka."

"Hapana mgonjwa."

"Apa."

Harub akaapa. Mkewe, Amna, aliyekuwa akipanga visahani, alisema hiyo ni yamini ya kwanza kumsikia akila, na kwamba kafara yake ni kuwalisha maskini, kwa hiyo aanze kupeleleza maskini wako wapi.

Walinunua mabegi ya mgongoni, makubwa, yenye mikanda ya kifuani, wakayajaza chupa za maji na mchele wakaanza mazoezi katika barabara ya kutokea Ibra. Mazoezi hayakufaulu. Katika mkoa wao wa Sharqiyah mtu mwenye ndevu nyeupe anayetembea kando ya barabara na mzigo mgongoni ana maelezo mawili tu: ama gari lake limeharibika, ama wanawe wamemtupa. Kila gari lilisimama. Waliposema wanatembea tu, madereva waliwatazama kwa huruma zaidi. Mwisho mtu mmoja wa Samad Ash Shan alishuka, akawavua mabegi kwa mikono yake bila ya kuomba ruhusa, akayatupa nyuma ya pikapu, akawapeleka kwake kula. Aliwarudisha jioni na kapu la ndimu. Baada ya wiki mbili za mazoezi wote wawili walikuwa wamenenepa.

Likabaki suala la kuaga. Ghassan alitaka waondoke kimya.

"Ukenda kuaga," alisema, "utarudi na gari la wagonjwa."

"Siwezi kuondoka sijaaga. Nikifa huko itakuwaje?"

"Ukifa watajua."

Lakini Harub hakuwa mtu wa kuondoka kama paka. Alianza kuaga hapo hapo Ibra, na kila mlango aliobisha aliulizwa swali lile lile: "India? Nani anaumwa?" Akijibu hapana anayeumwa, aliyeuliza humtazama macho, humtazama rangi ya kucha, kisha husema kwa upole, "Mungu akuafu." Siku ya tatu supu zilianza kufika nyumbani. Ikaja chupa ya asali ya mlimani, ikaja jamaa nzima ya kina mke wa kaka yake, wakakaa ukutani wakimwangalia anavyokula.

"Kula kidogo wakiwepo," Amna alimnong'oneza jikoni. "Ukila hivyo wanasema unajikaza."

"Nikila kidogo watasema nimeshindwa kula."

"Basi kwao wewe si mzima, kula unavyotaka."

Ijumaa, baada ya sala, Harub alisimama barazani akatangaza kwamba yeye hana ugonjwa, Ghassan hana ugonjwa, na wanakwenda India kutembea. Watu walimshukuru Mungu. Kisha wakatulia, wakafikiri, na hapo ndipo hatari ya kweli ilipoanza, kwa sababu kama Harub anakwenda India naye si mgonjwa wala hana mgonjwa, basi kuna nafasi inapotea bure.

Habari ilifika Nizwa kabla yake.

Nizwa anakaa Nadhir, binamu yake, mkubwa wa idara na mtu wa mipango. Na kwa Nadhir anakaa mama yake, Bi Shukriya. Bi Shukriya ni mdogo wa marehemu mama yake Harub. Ndiye aliyemlea baada ya msiba, aliyemfunza kufunga kilemba, kusalimu wakubwa, na kutosema hapana mbele za watu. Kiswahili chake ni kile kile cha Unguja alichoondoka nacho, amekitunza kama vyombo vya arusi, na akisikia watoto wanasema "kitu hii" hufumba macho mpaka ipite. Goti lake la kulia lilikuwa linamtesa miaka mingi. Harub alishampeleka India kwa moyo, kwa nyongo na kwa jicho. Goti lilikuwa halijafikiwa.

Ghassan alifuatana naye Nizwa, kama mlinzi. Walikuta majlisi imeshatandikwa fuala kamili: maembe, ndizi, haluwa ya moto bado, na Mazoon, binti Nadhir, amekaa na dele la kahawa.

"Shikamoo, khalati," alisema Harub, akambusu Bi Shukriya kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Sijakonda, khalati. Nimenenepa."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Waliulizana hali, wakaulizana habari, wakaulizana tena hali kwa Kiarabu kwa kuwa alipita jirani. Mazoon alimimina kahawa. Nadhir alingoja jirani atoke, akajisogeza.

"Sasa kaka, goti la mama limekuwa la kukokota. Tumekaa hapa nyumbani tukalizungumza, tukaona hii bahati. Nafasi ipo."

"Nafasi gani?"

"Yako. Si unakwenda? Na huna mgonjwa."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba basi linaondoka na viti vitupu. Alikuwa keshaandikiana na hospitali, keshatafuta chumba chenye kochi refu, kwa sababu Harub ni mrefu. "Na huyu Bwana Ghassan," aliongeza, "atasaidia kusukuma kiti cha magurudumu."

"Mimi mgongo wangu umeshachukuliwa," alisema Ghassan.

"Si mgongo, ni mikono."

Ghassan aliitazama mikono yake, kisha akamtazama Harub. Mazoon akamimina. Katika nchi ile mgeni aliyetosheka hutikisa kikombe kabla ya kukirudisha, na asipotikisa ataongezwa mpaka kesho. Harub alikuwa amesahau kutikisa. Alikunywa kikombe juu ya kikombe, macho chini, na kila akimaliza kilijazwa, na kila kikijazwa alikunywa, kwa kuwa mdomo uliojaa kahawa hauna wajibu wa kujibu. Jasho likaanza kumtoka chini ya kilemba. Aliona kochi lile refu. Aliona feni, deki, na yeye mwenyewe amesimama dirishani kila machweo akitazama barabara ya Hyderabad inavyopita bila yeye. Hakuwa na chuki na goti la khalati yake. Lakini alijua kwamba baada ya goti la kulia lipo la kushoto, na baada ya magoti ya Bi Shukriya yapo ya ukoo mzima, na kwamba kama hakuiona India safari hii ataiona kaburini.

Akatikisa kikombe.

"Safari hii simchukui mtu," alisema.

Nadhir alicheka, kisha akaona kwamba hapakuwa na mzaha, akaacha katikati.

"Si mtu, kaka. Mama yako mdogo."

"Najua."

"Kwani huko unakokwenda kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo nataka kwenda kutazama."

Wote walimgeukia Bi Shukriya. Alikuwa akilisugua goti lake kwa kiganja, polepole, kama anayembembeleza mtoto asisikie. Harub aliomba kimoyomoyo amtukane. Tusi la mzazi lina mwisho wake. Unalipokea, unabusu mkono, mnakula.

"Mazoon," alisema Bi Shukriya, "mpe ami yako haluwa. Njia ya Ibra ndefu."

Harub aliila ile haluwa yote kama dawa ya minyoo.

Garini Ghassan alingoja mpaka wameupita mji. "Umekufa kiume," alisema.

"Nyamaza."

"Nimekusifu."

"Nyamaza hivyo hivyo."

Walishukia Mumbai wamevaa suruali na mabegi yao mgongoni. Afisa wa uhamiaji aliwatazama mmoja mmoja, akauliza mgonjwa ni yupi. Dereva wa teksi hakuuliza. Aliziona kofia zao, akawafungulia mlango, akaenda. Ghassan alikuwa ametoa kichwa dirishani anaangalia ng'ombe, na Harub alikaa ametulia kama mtu aliye njia ya kwao, asijue kwa nini ametulia, hata alipoona geti la hospitali na mlinzi wake mwenye masharubu. Mlinzi alimpigia saluti. Alimwuliza mjomba anaendeleaje.

"Marehemu," alisema Harub.

"Na huyu?" Mlinzi alimwonyesha Ghassan. "Anaonekana vibaya."

Walichukua teksi nyingine.

Siku zilizofuata zilikuwa za Ghassan. Hakuwa na neno hata moja la Kihindi, na hilo lilimfungulia milango yote. Alinunua machungwa kwa vidole, alielekezwa njia kwa kubebwa, alinyolewa ndevu chini ya daraja na kinyozi aliyemwimbia. Pune alipotea asubuhi, akaonekana saa nane katika arusi ya watu asiowajua, amevishwa shada la maua, amekaa upande wa bwana arusi. Kila jioni miguu ilimuuma na kila jioni aliisifu.

Harub alikuwa na lugha zote na hakuwa na la kusema. Alipelekwa ngomeni, akaitazama ngome kama anavyotazama mtu cheti cha kipimo cha mwingine. Alipita masokoni na mkono mfukoni, juu ya simu. Zamani akiwa India simu yake haikuwa ikipoa: kala? kalala? daktari kasemaje? mbona hukusema mapema? Sasa ilikuwa baridi kama simu ya maiti. Mara mbili aliizima na kuiwasha kuona kama imeharibika.

Amna ndiye aliyepiga, akiwa anapika, akamweleza kama anayesimulia habari za mvua. Bi Shukriya yuko Hyderabad. Mazoon amempeleka.

Harub alikaa juu ya ukingo wa barabara. "Nani kawapokea?"

"Hapana. Wamejipokea."

"Na nani anawatafsiria?"

"Mazoon anasema na daktari Kiingereza. Wale wa kufagia na wa chakula anawasemesha kwa simu. Simu yake inasema Kihindi."

"Kihindi gani?"

"Harub, si wewe uliyesema humchukui mtu? Sasa Kihindi chao kinakuhusu nini?"

Usiku wa safari zake za murafiq alikuwa akiota kwamba siku moja atasema hapana na dunia itaanguka. Ile hapana alikuwa ameisema, na dunia ilichukua mjukuu mwenye simu ikaendelea.

Solapur walibadilisha treni. Yao ilikuwa ya Bijapur, bado haijafika. Upande wa pili wa jukwaa ilikuwa imesimama ya Hyderabad, milango wazi, watu wanapanda na magunia.

"Tupite Hyderabad," alisema Harub. "Siku moja tu. Nimwamkie."

Ghassan alilivua begi lake, akalikalia. "Utaingia kuamkia, utatoka na chupa ya mkojo mkononi."

"Ni mama yangu."

"Najua. Nilikuwepo ulipomkatalia. Ulikataa, ukala na haluwa juu yake. Sasa unataka kurudi ukakatae kule kukataa?"

"Wewe huna roho."

"Roho ninayo, sina kochi. Sikiliza, yakhe. Panda. Sitakuzuia. Mimi nakwenda Bijapur, kwa sababu nilitoka Sur kwenda Bijapur. Nikipotea, nimepotea."

Hakuwa anatisha. Alikuwa akimenya chungwa. Harub aliona wazi kwamba akipanda treni ile atakuwa amempoteza rafiki na safari kwa pamoja, na asipopanda atakuwa mtu aliyemwacha aliyemlea akapasuliwa na wageni. Alimpigia Mazoon.

"Ami Harub, shikamoo. Usijisumbue. Bibi ametoka operesheni, analala. Daktari mzuri, chumba mzuri, kitu yote iko tayari."

"Anakula?"

"Anakula. Anagombana na watu wa uji. Yuko sawa."

"Nije?"

"Uje kufanya nini, ami?"

Aliuliza kwa adabu kabisa. Alitaka kujua. Harub alitafuta jibu, na alipokuwa bado anatafuta treni ya Hyderabad ilipiga honi ikaondoka na milango yake wazi. Ghassan alimpa nusu ya chungwa. Hivyo ndivyo Harub alivyokwenda Bijapur. Si kwamba aliichagua, ila kule kwengine hakuhitajiwa.

Bijapur wanakwenda watu kutazama kaburi. Ni kaburi la sultani wa zamani aliyejijengea kuba moja kubwa kupita kiasi, na juu kabisa, ndani ya kuba, pana ujia wa kuzunguka ambapo sauti hairuhusiwi kufa. Ukinong'ona upande huu, aliye upande wa pili anakusikia kana kwamba umemwinamia sikioni. Ukipiga kofi, ukuta unakupigia makofi mengi. Walinzi waliwawekea mabegi chini. Walipanda ngazi nyembamba za mnarani, wakisimama kila ghorofa wakijifanya wanatazama mandhari. Juu walikuta shule nzima imekuja kupiga kelele. Ghassan alikwenda zake ng'ambo kujaribu mnong'ono. Harub alikaa chini ukutani, akatazama miguu yake.

Simu ikalia, na kuba lote likalia nayo.

"Harub."

"Labeka, khalati. Shikamoo." Shikamoo ilizunguka ukuta, ikarudi, ikazunguka tena.

"Marahaba. Mko wangapi huko?"

"Wawili tu, khalati. Ni jengo." Alifunika mdomo kwa kiganja. Haikusaidia. "Goti vipi?"

Kuba liliuliza habari za goti mara nyingi, kwa sauti inayopungua. Watoto wa shule walilipenda neno. Wakalichukua: goti, goti, goti, upande hadi upande.

"Goti la mtu si la kupigiwa ngoma," alisema Bi Shukriya. "Waambie hao wanyamaze. Goti liko mahali pake. Sikupigia goti."

"Khalati, siku ile mimi…"

"Siku ile ulikataa. Nilisikia. Masikio hujanipeleka kuyatibu, kwa kuwa ni mazima."

"Umekasirika?"

"Nilikasirika mpaka uwanja wa ndege. Ndani ya ndege nikachoka." Alivuta pumzi. "Hapo ulipo pana nini?"

Harub alifungua mdomo. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza. Walimwuliza daktari kasemaje.

"Pana kuba," alisema.

"Kuba gani?"

Akanyanyua kichwa, kwa kuwa kaulizwa. "Kubwa."

"Kubwa kuliko la msikiti wa Nizwa?"

"Khalati, la Nizwa ukilitia humu ndani bado watu watapita pembeni wakiwa na mizigo."

"Usinichezee mimi mgonjwa."

"Wallahi."

"Na kalala nani?"

"Sultani. Na wakeze, na jamaa zake."

"Wote pamoja?"

"Pamoja, mstari mmoja."

"Maskini," alisema Bi Shukriya. "Hata kufa hakupumzika."

"Mwambie ngazi," ilisema sauti sikioni mwa Harub. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Ghassan alikuwa ng'ambo ya kuba, mdogo kama kidole, amegeukia ukutani.

"Nani huyo?"

"Ghassan. Yuko mbali, khalati, upande wa pili kabisa."

"Namsikia kama yumo mfukoni mwako." Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi na wewe tumekuja India mara ngapi? Mimi niliona feni. Na wewe uliniona mimi. Enhe. Ngazi zikoje?"

Akamweleza ngazi. Akamweleza watoto wenye soksi zisizolingana, na njiwa, na dirisha jembamba ambapo mji ulionekana wote, na farasi wa kukodi waliolala wamesimama chini ya mwarobaini. Kila alipotua, Bi Shukriya alisema enhe. Baadaye zilianza kusikika enhe mbili.

"Hapa pana mwenzangu wa Manah kitanda cha pili," alieleza. "Nyonga. Anauliza huyo sultani alikuwa kabila gani."

"Sijui, khalati."

"Kaulize. Na baada ya hapo mnakwenda wapi?"

"Tulifikiri tuje Hyderabad."

"Mje kufanya nini? Hyderabad ninayo, iko dirishani. Ina ukuta na bomba. Nendeni mahali pengine. Kesho asubuhi, daktari akishapita, unipigie. Na utazame sawasawa, usinijie na 'pana kuba'."

Simu ikakatika. Ghassan alikuja akiuzunguka ujia polepole, mkono ukutani.

"Nimesikia," alisema. "Hataki twende."

"Hataki. Anataka kupigiwa kila asubuhi. Yeye na mama mmoja wa Manah."

"Tulisema hapana mgonjwa."

"Hayupo. Yuko Hyderabad."

Ghassan alilifikiri hilo. "Kwa hiyo sasa tunatembea kwa niaba yao."

"Wewe unatembea kwa niaba yako. Mimi ndiye naulizwa."

Ghassan alikaa chini kupumzisha miguu, akatoa chupa ya maji. Shule ilikuwa inateremka, na kelele zake zilibaki nyuma kidogo kisha nazo zikateremka. Harub alianza kuuzunguka ujia, hatua kwa hatua, kichwa juu, akinong'ona atakavyosema kesho: kwamba kuba halina nguzo hata moja, kwamba ukitazama chini kaburi la sultani linaonekana kama sanduku lililosahauliwa uwanjani, kwamba kuta ni nyeupe.

"Si nyeupe," alisema Ghassan kutoka ng'ambo, bila ya kunyanyua sauti. "Tazama tena."

Harub alisimama, akatazama tena. Hazikuwa nyeupe.